Kiti Kilichogeuzwa kwa Siri

Siku za kazi, kabla jogoo wa jirani hajachoka kuwika, gari la mfanyakazi mwenzake lilipiga honi mara moja barabarani, na Lisandra akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi.

"Nibariki, Mami!"

"Mungu akubariki, mwanangu. Na ule kitu!"

Hakuwa akila. Alikuwa keshaingia garini, keshateremka mlima kwenda kiwanda cha dawa, ambako alishinda wima akikagua chupa. Tangu hapo mpaka saa kumi jioni, mtoto wake Anaís, wa miezi kumi na mitatu, alibaki mikononi mwa bibi yake.

Bibi mwenyewe aliitwa Obdulia Matos. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza jikoni mwa shule, akipikia watoto mia mbili wali na maharage. Alizaa wanne, akawalea wanne, na hapo mtaani Saltos, mlimani juu ya mji wa Orocovis, mzazi mwenye mtoto wa kulialia alikuja kwake kabla ya kwenda kwa daktari. Hakuwa mtu wa kufundishwa namna ya kumbeba mtoto.

Angeweza kushinda nyumbani na mjukuu wake kwa raha zao, lakini dada yake mkubwa, Providencia, alikuwa ameanguka ngazini akavunjika nyonga, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwogesha na kumpikia. Providencia aliishi upande wa pili wa mlima, mwendo wa dakika ishirini kwa gari. Kona zilikuwa thelathini na moja, Obdulia alishazihesabu. Nyingine zilikuwa kali hata ukazipigia honi kabla ya kuziingia, maana anayekuja humwoni mpaka mpumuliane usoni. Basi kila siku saa nne asubuhi Obdulia alimfunga Anaís kwenye kiti chake nyuma, akaweka sufuria la chakula chini kwenye sakafu ya gari, akaondoka.

Hicho kiti ndicho kilicholeta maneno.

Kilinunuliwa na Joksan, mume wa Lisandra, kabla hajaenda Orlando kuezeka mapaa, lakini aliyekichagua ni Lisandra. Mwezi mzima alikichagua. Alipima upana wa siti ya gari lao kwa utepe wa fundi cherehani, akauliza wenzake kazini, akakataa cha binamu yake kwa sababu hakuna aliyejua kama kilishawahi kuwa kwenye ajali. Mwishowe akapata hiki, cha aina inayogeuzwa: mtoto akiwa mdogo hukaa akitazama nyuma ya gari, na akishakua kiti kile kile hugeuzwa, akatazama mbele kama watu wengine. Kitabu chake cha maelekezo alikisoma kama mtu anayesoma barua ya posa.

"Anatazama nyuma mpaka afike ratili arobaini, Mami," alimweleza mama yake siku alipokifunga. "Au mpaka kichwa kikaribie ukingo wa juu. Chochote kitakachotangulia."

"Ratili arobaini? Huyo si atakuwa na miaka minne!"

"Hata kama ni minne."

"Na akiolewa je? Ataingia kanisani kinyumenyume?"

Lisandra alicheka, lakini hakubadili neno.

Sasa, kinyumenyume hakukumfaa Anaís. Kona ya kumi haifiki, mtoto analia. Kona ya ishirini, anatapika. Kila siku. Maziwa, uji, ndizi, vyote vilirudi. Obdulia alikuwa na kikapu cha nguo safi mlangoni kwa Providencia kwa ajili hiyo tu. Akamwambia binti yake mara ya kwanza, akaambiwa, "Atazoea." Akamwambia mara ya pili, akaonyeshwa video kwenye simu. Mara ya tatu Lisandra alikuwa ametoka kazini miguu imevimba, akasema kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia kwa mama yake, "Mami, mimi siwezi kila siku kurudia jambo hilo hilo. Kiti kinatazama nyuma. Basi."

Obdulia akaenda kufua. Wazee walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo, naye huyu alimlea kuwa na msimamo, amlaumu nani?

Lakini mwezi wa pili, asubuhi moja mtoto alipokuwa akilia hata kabla ya kufungwa, kwa kukiona kiti tu, Obdulia alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mwizi wa kuku. Akafungua mkanda wa gari, akakinyanyua kiti, akakigeuza. Kilikuwa na matundu ya kupitishia mkanda, mengine chini karibu na miguu ya mtoto, mengine juu nyuma ya mgongo. Akaupitisha mkanda pale mkono wake ulipoangukia, akaubana, akakipiga kofi kiti. Kilikaa.

Siku hiyo Anaís hakulia. Alitazama mbele, akaona barabara, akaona mbuzi, akaona migomba, akapiga makofi kila honi ilipolia. Alifika kwa Providencia na gauni kavu. Obdulia alimwona kwenye kioo akicheka na meno yake manne, akajiambia: video haijazaa, mimi nimezaa. Kabla Lisandra hajarudi, akakigeuza kiti kama kilivyokuwa.

Akafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na majuma matatu yakapita.

Kisha ikaja Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili. Obdulia alipiga honi, akaingia kona ya karibu na daraja, na mbele yake mianzi ilikuwa imelala kukata barabara. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari lilisimama palipotakiwa. Kiti hakikusimama. Nyuma yake alisikia mlio wa kitu kugonga, kisha kimya kifupi, kisha kilio ambacho hakuwa amekisikia kwa mtoto huyu.

Kiti kilikuwa kimeinamia mbele, na mtoto ndani yake, uso ukagonga mgongo wa siti ya abiria. Damu ilikuwa kidevuni, kifuani, kwenye vidole. Obdulia alimtoa, akakaa naye ukingoni mwa barabara kwenye majani mabichi, akamfuta kwa upindo wa gauni lake, akatazama. Ulikuwa mdomo. Mdomo wa chini ulipasuka kidogo. Meno yote manne yalikuwepo. Macho yalifuata kidole chake. Baada ya muda Anaís alitulia, akanyoosha mkono kutaka jani.

Obdulia akamchumia. Alibaki naye pale mpaka lilipokuja lori, na waliokuwemo wakashuka kuiondoa mianzi.

Jioni Lisandra alipouliza, mama yake alikuwa na jibu tayari.

"Amejigonga kwenye kona ya kitanda."

Ungedhani uongo umekwisha hapo. Lakini kesho yake Lisandra alirudi na furushi la sponji, na Obdulia akawa anamtazama binti yake, na sare ya kazi bado mwilini, akitambaa sakafuni kubandika sponji kila pembe: ya kitanda, ya meza, ya kabati, hata ya sanduku la redio. "Sasa hata akianguka hatapata kitu," Lisandra alisema akijipangusa jasho. Obdulia alikwenda jikoni akamenya ndizi mbichi ambazo hakuna aliyeziomba.

Tangu Jumanne ile hakukigeuza tena kiti. Alikirudisha kutazama nyuma, akaubana mkanda, akaapa mbele ya Bikira kwamba hata mtoto atapike utumbo, kiti kitabaki hapo hapo. Na mtoto akatapika, na bibi akafua, na akajiona kama mtu anayelipia kosa lake taratibu.

Mwisho wa mwezi wa nne, mlangoni mwa kanisa, pakabandikwa karatasi: Jumamosi kituo cha zimamoto kitakagua viti vya watoto vya magari, bure, kuanzia saa tatu asubuhi.

"Tunakwenda," akasema Lisandra.

"Kwani si ulikifunga mwenyewe?"

"Ndiyo maana. Aliyefunga mwenyewe haoni kosa lake."

Obdulia akaisoma upya ile karatasi. Hakujua watu wa zimamoto wana macho ya namna gani. Je, wataona alama? Wataona kwamba kiti kimewahi kuinama? Usiku huo, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, alisali rozari mara mbili na hakukumbuka hata salamu moja.

Jumamosi walikuta magari sita mbele yao kwenye ua wa kituo. Gari jekundu la kuzimia moto lilikuwa limetolewa nje ili watoto waliguse. Nyuma yao alifika Don Goyo, jirani wa bondeni, na gari lake la kubebea mazao, wajukuu wawili ndani.

"Obdulia!" akapaza sauti dirishani. "Wewe nawe umekuja kusomeshwa? Si ndiye uliyekuwa ukipakia watoto wanne nyuma ya pikapu na nguruwe juu yao?"

"Nguruwe alikuwa mmoja, tena ana adabu kuliko wewe," akajibu Obdulia, na watu wakacheka.

Zamu yao ikafika. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mabega, nywele za mvi zimesukwa msuko mmoja. Alijitaja kuwa ni Ivelisse Quiles, akampa Anaís kofia ya karatasi, kisha akauliza umri wa mtoto, uzito, na urefu, akaandika. Ndipo akafungua mlango wa nyuma, akainama, akaufuata mkanda kwa kidole.

"Nani alikifunga?"

"Mimi," akasema Lisandra kwa fahari kidogo. "Nilifuata kitabu."

Ivelisse akashika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa. Kikacheza kama jino bovu. Akatoka, akanyoosha mgongo.

"Sikiliza, binti. Usishtuke, viti vingi vinavyokuja hapa vina kosa. Kiti cha kugeuzwa kina njia mbili za mkanda. Mtoto akitazama nyuma, mkanda unapita huku chini, karibu na miguu yake. Akitazama mbele, unapita huku nyuma ya mgongo, na juu kuna mkanda mwingine wa kukizuia kisiiname. Hapa kiti kinatazama nyuma, lakini mkanda umepita njia ya mbele. Kingegongwa, kisingeshikwa na kitu cha maana."

Lisandra akatazama mkanda. Akatazama tena.

"Haiwezekani. Nilitia alama kwenye kitabu. Niliuangalia mara tatu."

"Nani mwingine hukigusa?"

"Hakuna. Mami huwa anamfunga mtoto tu, mambo ya kiti hana habari nayo. Ni mimi." Sauti ikaanza kumpanda. "Nimekwenda naye hospitali hivi. Nimekwenda naye Ponce, kwenye barabara kuu, na malori! Mungu wangu, miezi yote hii! Mimi ninayewasomea wengine! Mimi ninayemwambia mama yangu hajui!"

Akafunika uso kwa viganja, akalia pale pale uani, mbele ya magari, mbele ya Don Goyo. Anaís, kofia ya karatasi ikimfunika jicho moja, akamtazama mama yake, naye midomo ikaanza kumtetemeka.

Obdulia alisimama na mkoba wake kifuani. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Angenyamaza tu. Kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe, tena kwa kujitolea. Leo kiti kingefungwa vizuri, na kesho pasingekuwa na wa kuuliza. Alifungua mdomo ili aseme "Usilie, mwanangu, hakuna lililotokea." Yakatoka mengine.

"Si wewe. Ni mimi."

Lisandra akaondoa viganja.

"Mimi ndiye niliyekigeuza," akasema Obdulia. "Tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nikikitazamisha mbele wewe ukiondoka, nakirudisha kabla hujaja. Njia za mkanda sizijui. Nilikuwa napitisha popote. Wewe ulikifunga sawasawa, mwanangu. Kila kitu ulikifanya sawasawa."

Gari moja kwenye foleni lilizima injini.

Lisandra hakuwa mjinga. Alimtazama mama yake, akamtazama mtoto, na Obdulia akaona wazo likimfikia machoni kama gari linavyotokeza kwenye kona.

"Na mdomo wake?" akauliza polepole. "Ule mdomo, Mami?"

"Nilifunga breki. Kulikuwa na mianzi barabarani. Kiti kikainama."

"Si kitanda."

"Si kitanda."

Lisandra akamchukua Anaís, akampakata, akaenda naye mpaka kwenye kivuli cha lile gari jekundu, akasimama huko akiwapa mgongo. Obdulia alitaka kumfuata. Ivelisse akamshika kiwiko.

"Mwache kidogo, Doña Obdulia. Huyo sasa hivi ana hasira na ana shukrani, na havijajuana bado. Njoo huku. Ni wewe unayemwendesha kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

"Basi ni wewe nitakayekufundisha. Weka mkoba chini."

"Mimi? Kwa kosa nililofanya?"

"Hasa kwa sababu hiyo. Mtu aliyeshaogopa hasahau. Kwa nini ulikigeuza?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumuuliza. Obdulia alieleza: kona thelathini na moja, maziwa, kilio, kikapu cha nguo. Ivelisse akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwonyesha ubavuni mwa kiti pale palipokuwa na kipovu ndani ya kioo kidogo, kama kwenye pimamaji ya fundi mwashi.

"Tazama kimelazwaje. Hivi ni kwa kichanga asiyeweza kukaa mwenyewe. Kilipofungwa alikuwa na miezi mingapi?"

"Mitano."

"Basi wakati huo hivi ilikuwa sawa. Sasa anakaa, anasimama, kitabu kinaruhusu akae wima zaidi. Bado anatazama nyuma, lakini ataona dirisha badala ya paa. Siahidi kwamba hatatapika. Wengi hupata nafuu. Na maziwa anakunywa saa ngapi?"

"Hapo hapo kabla ya kuondoka, ili anyamaze."

Ivelisse akamtazama tu. Obdulia akakuna shingo.

"Nusu saa kabla," akasema mwenyewe. "Au saa nzima."

"Umesema wewe. Na hiki nini?" Ivelisse alichomoa kwenye kiti kigodoro cha kitambaa cha maua, kilichotarizwa pembeni kwa uzi wa waridi.

"Nilimshonea. Asiumie makalio."

"Kizuri sana. Nyumbani akikalie. Humu ndani haingii kitu ambacho hakikuja na kiti, maana kikibonyea, mikanda ya mtoto inalegea." Akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anayerudisha sahani ya watu. "Haya, panda. Goti ndani ya kiti."

"Goti langu?"

"Langu lina kazi nyingine."

Obdulia akapanda. Akapitisha mkanda kwenye matundu ya chini, akakitafuta kifungo chake upande wa pili kwa kupapasa, akaufunga, kisha akakandamiza kiti kwa goti na kuvuta. Ivelisse akashika, akatikisa. Kikacheza. "Tena." Akavuta tena. "Tena, Doña. Hapo panapopita mkanda kisisogee zaidi ya upana wa kidole gumba." Gauni lilipanda mapajani, kibanio cha nywele kikadondoka, jasho likamwingia machoni, na Don Goyo kule nyuma akapaza sauti:

"Huyo akimaliza hapo, anifungie na mzigo wa magimbi!"

"Nitakufunga mdomo!" Obdulia akajibu kutoka ndani ya gari, akavuta kwa hasira ile ile, na kiti kikakaza. Ivelisse alikitikisa kwa nguvu, na gari zima likatikisika nacho.

"Hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo."

Obdulia alipogeuza shingo, Lisandra alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. Macho yalikuwa mekundu. Alimtazama mama yake, goti kitini, nywele zimetapakaa, na kona ya mdomo ikamtikisika, akaizuia.

"Mweke," akasema.

Ivelisse akawaonyesha wote wawili: mikanda ya mabega itokee usawa wa mabega au chini kidogo maadamu anatazama nyuma, klipu ya kifuani ikae usawa wa kwapa, na ukijaribu kufinya mkanda begani kwa vidole viwili usipate kitu cha kufinya. Obdulia akafinya. Vidole viliteleza. Akafinya tena kwa ajili ya kuhakikisha, na Anaís akadhani anatekenywa, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Lisandra ndiye aliyeendesha kurudi. Kona za kwanza walizipita bila neno. Obdulia alikaa mbele, kigodoro cha maua mapajani, akisikia nyuma yake sauti ya mtoto akijiongelesha. Kwenye kipande cha barabara kilichopanuka kidogo, karibu na bomba la maji ya mlimani, Lisandra akaegesha, akazima gari.

"Sasa niambie yote. Usiruke kitu."

Obdulia akamwambia. Mwizi wa kuku, makofi ya mtoto, breki, majani mabichi, damu kwenye upindo wa gauni, lori. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye sponji, akaikunja pembe ya kigodoro.

"Nilikuona pale chini unatambaa," akasema. "Nikashindwa."

Lisandra alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari limesimama.

"Uliniogopa kiasi hicho?"

"Si woga. Ni aibu. Mimi Obdulia, niliyelea watoto wa watu wote huku, nishindwe na mtoto wa ratili ishirini na moja?" Akapumua. "Na wewe nawe, nilikwambia mara tatu kwamba anatapika. Mara tatu, Lisandra. Ukanionyesha simu."

Lisandra akauachia usukani.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuonyesha simu."

"Basi."

"Si basi, Mami. Bado nina hasira. Nitakuwa nayo mpaka Jumatano."

"Kuwa nayo. Mimi nipo."

"Lakini pale uani, nilipodhani ni mimi..." Lisandra alitikisa kichwa, machozi yakaanza upya, ila haya yalikuja na kicheko. "Wewe ungenyamaza tu. Nisingejua kamwe."

"Nilitaka kunyamaza. Mdomo ukanikataa."

Binti akainama, akaweka paji la uso kwenye bega la mama yake, na Obdulia akamshika kisogo kama alivyomshika alipokuwa mdogo kuliko Anaís. Kitu kizito, alichokuwa amekibeba tangu Jumanne ile ya mianzi, kikamshuka, na alikisikia kikishuka, kuanzia kifuani mpaka nyayoni. Mtoto alikuwa mzima. Breki zilikuwa zimepita, malori ya Ponce yalikuwa yamepita, majuma yote yale ya mkanda wa uongo yalikuwa yamepita, na mtoto alikuwa hapo nyuma, mzima, anang'ang'ania kidole cha mguu wake ili akitie mdomoni.

"Unasikia?" akauliza Lisandra ghafla, akiinua kichwa.

"Nini?"

"Halii. Na hatujasikia kutapika."

Wote wawili wakageuka. Kutoka mbele walikiona kisogo cha kiti tu, lakini kwenye kioo cha dirisha la nyuma ulionekana uso wa Anaís, anatazama maji yakitiririka jiweni, mdomo wazi, ametulia tuli.

Jumatatu Obdulia alimnywesha maziwa saa tatu kasoro robo. Saa nne akakishika kiti, akakitikisa, akamfunga mtoto, akafinya mkanda begani, akaweka sufuria la wali wa mbaazi sakafuni, akatoka. Kwenye kona ya daraja alipiga honi mara mbili badala ya mara moja, na nyuma mtoto akaitikia kwa kelele. Kona ya ishirini na sita alinyamaza, Obdulia akapunguza mwendo, akasimama penye nafasi, akashuka kwenda kutazama. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea pembeni, gauni kavu kama lilivyotoka kambani.

Providencia alikuwa akingoja dirishani kwenye kiti chake, kitambaa cha kufutia matapishi kimeshatandikwa mapajani.

"Leta huyo nimpanguse," akasema.

"Pangusa meza, tule," akasema Obdulia, akipita na mtoto aliyelala begani. "Huyu leo ni msafi kuliko wewe."

"Umemlisha nini?"

"Subira."

Kabla hajaketi, simu ikalia. Ilikuwa saa ya mapumziko kiwandani; mashine zilisikika zikivuma nyuma ya sauti ya Lisandra.

"Mmefika?"

"Tumefika."

"Ametapika?"

"Hata tone."

"Na mkanda, Mami?"

"Nimeuvuta mpaka goti limeniuma. Huyo Ivelisse wako anadaiwa mafuta ya kuchulia."

Lisandra akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu alfajiri, kisha akasema anaitwa, akakata. Obdulia akaweka simu mezani, akafunua sufuria, na mvuke wa mbaazi ukajaa chumba. Providencia akasogeza sahani yake.

"Nipakulie na ukoko," akasema.